Gurudumu la Mbele Linapolia



Kila gereji inaijua sentensi hii: "Fundi, gari inalia mbele." Mwenye gari akishaisema hukabidhi funguo na kwenda kukaa kwenye benchi. Fundi naye haulizi zaidi. Anapiga jeki, anafungua tairi, anachungulia, anasema, "Bosi, pedi zimeisha." Pedi zinanunuliwa, zinafungwa, na baada ya siku chache gari linalia vilevile. Safari hii inatajwa beringi. Ya zamani inatolewa kwa presi, mpya inaingizwa, na mlio uko palepale. Zinafuata bushi, halafu shokapu. Dereva wa teksi ambaye gari hilo ndilo linalomlipia kodi ya nyumba anakuwa amenunua nusu ya miguu ya mbele, na mlio bado anao.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu halina ulazima. Mlio wa gurudumu una masharti yake. Hutokea gari likiwa katika hali fulani na hunyamaza hali hiyo ikibadilika, na masharti hayo ndiyo yanayotaja kifaa chenye kasoro. Anayeyajua kabla hajalegeza nati hata moja huwa amebakiwa na vifaa viwili au vitatu vya kushuku. Asiyeyajua anabahatisha kwa fedha ya mwenzake.

Nitazungumzia magari tunayoendesha wengi wetu, haya madogo ya Japani yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika: Vitz, IST, Probox na ndugu zao. Kwa kawaida yana breki za diski mbele na za ngoma nyuma, na mengi yake huvutwa na magurudumu ya mbele. Kwa hiyo gurudumu la mbele linafanya kazi tatu kwa pamoja: linavuta gari, linakata kona, na linabeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, maana gari likifungwa breki uzito wake husogea mbele. Ndiyo maana milio mingi huanzia huko.

Tuone kwanza mlio wenyewe unavyozaliwa. Wale mliowahi kukaa karibu na mpiga fidla wa taarabu mmeona anavyousugua upinde kwa ulimbo mkavu kabla ya kupiga. Ulimbo unaufanya upinde ung'ang'anie uzi. Upinde unauvuta uzi pembeni kidogo, uzi unachomoka na kurudi, unakamatwa tena, unachomoka tena, mamia ya mara kwa sekunde, na sikio linasikia sauti moja ndefu. Breki hulia kwa njia hiyohiyo. Pedi inaing'ang'ania diski, inaburutwa nayo kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, inachomoka, inang'ang'ania tena. Diski ni sahani ya chuma cha kusubu, na ikitikiswa namna hiyo nayo huanza kuimba. Milio mingi ya breki huwa na mitikisiko zaidi ya 1,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu ni kali zaidi kwa sauti za kati ya 2,000 na 5,000. Breki inapolia katikati ya kituo cha daladala, kila mtu anageuka.

Taabu hii imeanza pamoja na breki za diski zenyewe. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya namna hii mwaka 1902, na pedi zake zilikuwa za shaba. Metali juu ya metali: kelele zake hazikuvumilika. Mwingereza mwingine, Herbert Frood, ambaye tangu 1897 alikuwa akijaribu vifaa vya kusugulia vya breki, ndiye aliyeanzisha kampuni ya Ferodo, na kazi yake iliielekeza dunia kwenye vifaa laini kuliko metali tupu, asbesto ikiwa mojawapo. Hata hivyo breki za diski zilichukua nusu karne kukubalika. Jaguar yenye diski za Dunlop ilishinda mbio za Le Mans mwaka 1953, na Citroën DS iliyotoka 1955 ikazifikisha kwa wanunuzi wa kawaida. Asbesto ilituachia madhara ambayo hayana mzaha: vumbi lake huharibu mapafu na kuleta saratani. Vijana wa ufundi, msipulize vumbi la breki kwa mdomo, wala kwa upepo wa kompresa. Lilowesheni kwa maji, mfute kwa kitambaa, kitambaa mkitupe. Pakiti ya bei rahisi haiwaambii kila kilichomo ndani ya pedi.

Tangu siku za Lanchester hadi leo, kila pedi ni mapatano. Pedi laini hutulia lakini huisha mapema. Pedi ngumu yenye chembe nyingi za chuma hustahimili joto na kudumu, ila hupenda kulia. Mgongoni mwa pedi nyingi kuna kibati chembamba kilichopakwa mpira au gundi, na kazi yake ni kuumeza mtikisiko kabla haujafika kwenye kalipa. Nimeona vibati hivyo vikitupwa chini ya meza ya gereji kwa madai kwamba havina kazi. Vina kazi. Pedi ikifungwa bila kibati chake, mlio umekaribishwa siku hiyohiyo.

Sasa tuingie barabarani. Swali la kwanza ni hili: mlio unamfuata nani? Unafuata injini, unafuata gurudumu, au unafuata mashimo ya barabara? Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, kisicho na msongamano. Endesha kilomita 40 kwa saa, kisha weka nyutro uache gari liserereke. Usizime injini hata kidogo, kwa sababu usukani wa pawa na msaada wa breki vinaitegemea. Mzunguko wa injini utashuka mara moja. Mlio ukishuka nao, achana na gurudumu, katazame mkanda wa injini. Mlio ukibaki, ukapungua polepole kadiri gari linavyopoteza mwendo, uko kwenye gurudumu. Na kama kwenye lami tulivu husikii kitu, ila kila ukipanda tuta linakwichika, basi hicho ni kilio cha miguu ya gari, na nitakifikia.

Mlio ukishafuata gurudumu, uhesabu. Tairi ya 195/65 R15, ambayo baadhi yenu mnayo, ina kipenyo cha karibu sentimita 63, kwa hiyo ikizunguka mara moja gari limesogea karibu mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayekimbilia basi bila kutaka kuonekana anakimbia, gurudumu huzunguka takriban mara moja kwa sekunde. Kwa kilomita 36 huzunguka mara 5. Ukisikia kwi, kwi, kwi, moja kila sekunde katika mwendo ule wa chini, ujue kuna sehemu moja ya gurudumu inayogusa kitu kila inapopita. Mlio mmoja mrefu usiokatika maana yake kitu kinagusa wakati wote.

Kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu gharama yake ni kipande cha chaki. Chora mstari kwenye ubavu wa tairi. Gari liwe mahali tambarare, dereva akae ndani mguu ukiwa tayari kwenye breki, wenzako walisukume taratibu, nawe utembee kando yake ukitazama mstari. Kila ukisikia kwi, angalia mstari uko wapi: juu, chini, mbele, nyuma. Ukiwa palepale kila mara, kasoro iko kwenye kitu kinachozunguka: diski iliyopinda au kuliwa na kutu upande mmoja, kifuniko cha plastiki cha rimu, au nati. Kifuniko hicho kimewagharimu watu pesa nyingi bure. Kimekauka kwa jua, vishikizo vyake vimelegea, na kila tairi likizunguka kinasugua rimu. Kitoe, endesha, sikiliza. Kabla hujarudi ndani ya gari, pitia nati zote kwa spana, ukikaza kwa msalaba na si kwa kufuata duara. Toyota ndogo nyingi hutaka nguvu ya Nm 103. Nati iliyolegea haitalia kwa muda mrefu, itakuachisha gurudumu.

Swali la pili liko kwenye mguu wako. Mlio ukiwa unasikika, gusa breki kwa wepesi, kiasi cha taa za nyuma kuwaka tu, uone kinachobadilika. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kosa kubwa zaidi la ubahatishaji.

Kwa mfano, siku moja lililetwa gari la kubeba wanafunzi. Mwenye gari, mama mmoja mtulivu, alisema, "Fundi, linalia likitembea taratibu, lakini nikigusa breki linanyamaza." Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo iliyotengeneza gari. Tulitoka naye barabarani, yeye akiendesha kama anavyoendesha kila siku. Ikawa kama alivyosema: kilio chembamba upande wa kushoto, breki ikiguswa kimya, ikiachiwa kinarudi. Maana yake pedi ilikuwa inagusa diski wakati ambapo haikutakiwa kuigusa. Ukikanyaga breki, pedi inabanwa kwa nguvu na mtikisiko unakosa nafasi ya kucheza. Ukiachia, inabaki imening'inia kwenye diski, inaparuza.

Tuliporudi tulisogeza viganja karibu na rimu bila kuzigusa, kwa sababu diski ya moto inaweza kuzidi nyuzi 100 na kuchuna ngozi. Ya kulia ilikuwa vuguvugu. Ya kushoto ilitema joto, na harufu ya kuungua ilikuwa wazi. Hapo ndipo jeki ilipotoka. Tairi lilipofunguliwa, pedi ya nje ilikuwa na milimita 7 za kusugulia. Ya ndani ilikuwa na 2.

Tazameni tofauti hiyo. Mbahatishaji angetazama ile ya ndani, akasema pedi zimeisha, akafunga mpya, na gari likaondoka likiwa kimya. Angekuwa amesema kweli na kuacha ugonjwa mahali pake. Kalipa ya magari haya huelea. Pistoni iko upande wa ndani peke yake. Inasukuma pedi ya ndani hadi iguse diski, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Pini zikiteleza, pedi zote mbili huliwa kwa kiasi kinachokaribiana. Pini moja ikikwama, kalipa hairudi ilikotoka, na pedi ya ndani inaendelea kusagwa usiku na mchana. Milimita 7 kwa 2 ni ushahidi wa pini.

Pini ya juu ilitoka kwa vidole. Ya chini ilikataa. Tuliizungusha kwa spana taratibu hadi ikatoka, kavu kabisa, ina kutu ya kahawia, na mpira wake mdogo wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika. Maji na vumbi la barabara ya shule viliingilia hapo. Tuliisafisha pini kwa msasa laini, tukasugua tundu lake, tukaweka mpira mpya, tukaipaka grisi ya silikoni ya breki. Si grisi ile ya kopo inayopakwa kwenye beringi, tafadhali. Ile hutokana na mafuta ya petroli, huvimbisha mpira, na pini hukwama tena kabla pedi mpya hazijazoea. Vibati ambavyo masikio ya pedi huteleza juu yake vilipigwa brashi ya waya. Pistoni ilirudishwa polepole, mtu mmoja akilinda chupa ya mafuta ya breki isifurike, kwa sababu mafuta hayo hula rangi ya gari. Pedi mpya zikafungwa kushoto na kulia, hata kama za kulia zilikuwa bado zinafaa, kwani gari lenye pedi za umri tofauti huvuta upande likifungwa breki kwa ghafla.

Pedi mpya nayo inahitaji kuzoeshwa. Kwenye barabara tupu, nenda kilomita 60 kwa saa, punguza kwa breki ya wastani hadi 20 bila kusimama kabisa, achia, rudia mara kumi hivi ukiacha nafasi ya diski kupoa kati ya mara moja na nyingine. Tabaka jembamba la pedi huhamia kwenye diski na kuitulizia mlio. Anayetoka gereji moja kwa moja na kukaa kwenye foleni ya Morogoro Road akikanyaga breki kila mita tano hujipatia pedi zenye uso wa kioo, na pedi ya kioo hulia.

Kinyume cha hali ya mama yule ni gari linalonyamaza likitembea na kulia likifungwa breki. Ukisikia asubuhi tu, hasa baada ya mvua au kuosha gari, acha wasiwasi. Diski ni chuma tupu. Usiku mmoja wa unyevu unatosha kuitia utando wa kutu, na sisi wa Pwani tuna chumvi hewani inayoharakisha kazi hiyo. Kanyaga breki mara chache, utando unafutika. Gari likilia siku nzima, fungua upime. Pedi mpya huwa na milimita 10 hadi 12 za kusugulia. Zikifika 3 mimi husema zibadilishwe. Kama unene upo, piga msasa uso wa pedi, punguza kwa tupa zile kona kali za mwanzo na mwisho, hakikisha vibati vya mgongoni vipo. Mlio ukibadilika kutoka uimbaji mwembamba na kuwa mkwaruzo mzito unaousikia hadi kwenye sakafu chini ya miguu, egesha gari. Hicho ni chuma kwa chuma, pedi imekwisha kabisa, na diski inachimbwa.

Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliopindwa kuelekea diski. Mtengenezaji ameuweka kwa makusudi: pedi ikibakiwa na milimita 2 au 3, ulimi unagusa diski na kupiga mluzi ili dereva, ambaye haoni pedi yake kwa miezi, apate habari. Kuna watu wanaukunja ulimi huo kwa koleo, au wanaukata, wakampa mwenye gari ukimya na bili. Kwangu hilo ni kosa la kuhatarisha maisha. Mteja mwenye haraka anaweza kukuomba ufanye hivyo. Mkatalie.

Niruke kwenye kijiwe kinachonasa nyuma ya diski, ambacho hakina maneno mengi. Nyuma ya diski kuna bati la kukinga vumbi, na kati ya bati na diski kuna mwanya mdogo. Ukipita barabara ya changarawe, kijiwe kikiingia hapo kitapiga kelele ya kutisha, ghafla, bila dalili ya awali. Rudisha gari nyuma mita chache. Mara nyingi kinadondoka. Kisipodondoka, sukuma bati kwa bisibisi ndefu kidogo tu, kijiwe kitoke. Mlio ulioanza mara tu baada ya tairi kubadilishwa unaelekeza kwenye bati hilohilo: limepigwa na rimu wakati wa kufungwa, likapinda.

Beringi ina tabia yake. Mwanzoni inaweza kutoa kwikwi nyembamba, lakini kwa kawaida huvuma, na mvumo hupanda na mwendo. Ijaribu kwa usukani. Ukiwa katika mwendo wa kilomita 50 au 60 kwenye barabara pana, peleka gari kulia kwa upole, kisha kushoto. Ukikata kulia uzito hulalia gurudumu la kushoto. Mvumo ukikua hapo, shuku beringi ya kushoto. Ukikua unapokata kushoto, shuku ya kulia. Wengi hukosea upande kwa sababu sauti husafiri ndani ya bodi, na sikio la dereva anayekaa kulia huvutwa na kilicho karibu naye. Kisha pandisha gari. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, kuna uchakavu, ila kabla hujalaumu beringi mwambie mwenzako akanyage breki huku unatikisa. Mchezo ukiisha, beringi ndiyo. Ukibaki, tazama boljointi. Halafu zungusha tairi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uuweke kwenye springi ya shokapu. Beringi mbovu utaihisi kwenye springi kama mchanga unaosagwa, hata kabla hujaisikia.

Waliopitisha magari kwenye maji ya Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa mafuriko wanajua kinachofuata baada ya wiki kadhaa. Beringi iliyopata moto kwa kutembea ikizamishwa kwenye maji hupoa ghafla na kuvuta maji yenye tope kupita sili yake. Grisi hugeuka uji, na kutu huanza. Ukilazimika kupita maji yanayofika kwenye habu, panga kuisikiliza beringi mwezi huo.

Kuhusu miguu nitasema kwa ufupi ila kwa msisitizo. Mlio unaotokea kwenye matuta, au unapokata usukani gari likiwa limesimama, hauna uhusiano na pedi. Lisimamishe gari, bonyeza kona yake ya mbele kwa mikono miwili, liache linyanyuke. Ukisikia mkwichiko, mwenzako ainame kando, asiingie chini, na aguse mpira wa bushi na boljointi wakati unabonyeza. Mtetemo utamwonyesha mahali. Bushi iliyokauka ukiinyunyizia maji hunyamaza kwa dakika chache, nao ni uthibitisho tosha. Bushi inaweza kusubiri mshahara. Boljointi haisubiri. Buti lake la mpira likipasuka na grisi ikatoka, kitufe cha chuma kinakula nyumba yake hadi siku kinachomoka, na gurudumu linalala ubavu gari likiwa katika mwendo. Sauti ya tak-tak-tak unapokata kona hadi mwisho huku ukikanyaga moto ni ya jointi ya shafti. Hiyo nayo huanza na buti lililopasuka ambalo lingebadilishwa mapema kwa fedha kidogo.

Kwa yeyote atakayefungua tairi mwenyewe: mahali tambarare, handbreki juu, kabari nyuma ya matairi ya nyuma, nati zilegezwe kabla ya kupandisha, na stendi ziwekwe mara gari likiwa juu. Jeki peke yake haimlindi mtu. Na mafuta ya aina yoyote yasifike kwenye uso wa diski au pedi. Nimesikia madereva wakishauriana kudondoshea breki oili ili zinyamaze. Zitanyamaza, na gari halitasimama. Maji ya ndoo kwenye diski yenye moto nayo hupinda diski au kuipasua.

Mtaniuliza kuhusu spea. Gerezani hapa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kule Nairobi, boksi linalofanana linaweza kuwa na pedi mbili za tabia mbili. Nenda na pedi ya zamani mkononi. Linganisha umbo la bamba, masikio, mahali pa ulimi. Tazama ukingo ambapo kifaa cha kusugulia kimeshikana na bamba: ukiona mwanya au ufa, irudishe. Kama diski imechimbwa mifereji, pima unene wake. Kikomo chake kwa milimita mara nyingi kimeandikwa kwenye diski yenyewe, na diski iliyofika kikomo haichongwi tena.

Sasa nataka kusema na pande zote mbili kuhusu pesa, kwa kuwa ubahatishaji una sababu zake. Mteja wetu hulipa kwa furaha akiona kifaa kipya mkononi. Akiambiwa, "Nimezunguka na gari lako nusu saa, nimepata mlio unatoka wapi, naomba malipo ya kazi hiyo," anaona anaibiwa. Fundi anajifunza haraka: kusikiliza hakulipi, kubadilisha kunalipa. Kwa hiyo anabadilisha. Wamiliki, mkikubali kulipia nusu saa ile, mtaokoa bei ya beringi ambayo haikuwa mbovu. Mafundi, mkilipwa kwa kusikiliza, rudisheni kifaa cha zamani kwa mwenye gari, mwonyesheni kasoro kwa kidole, na kama hamjaipata semeni hamjaipata. Na mwenye gari akiwa mama au dada, msimkatishe anapoeleza. Yeye ndiye anayekaa na mlio huo kila siku, na anaujua kuliko ninyi mliousikia dakika mbili.

Ukienda gereji, nenda na karatasi. Andika mlio ni wa upande gani kwa kadiri unavyosikia, unaanza katika mwendo gani, breki ikiguswa unafanyaje, usukani ukikatwa kushoto na kulia unafanyaje, ni gari likiwa baridi au moto, na kazi gani ilifanywa mwisho kwenye gurudumu hilo. Mpe fundi karatasi hiyo kabla ya funguo, kisha mwombe mtoke pamoja, wewe ukiendesha.

Maswali nitayapokea tukiwa uwanjani. Jeki ipo, stendi mbili zipo, na chaki nimekuja nayo. Mwenye gari linalolia aliegeshe karibu na lango, na kabla hatujaligusa atueleze linalia wakati gani.